Rinda Lililokatwa kwa Wino Mwekundu

Binti yangu alirudi kutoka shule akiwa amelikumbatia daftari lake la Kiingereza kifuani, kama mtu anayeficha doa kwenye blauzi. Alipita katikati ya cherehani mbili pale barazani bila kumsalimia mtu, akaingia ndani moja kwa moja. Nilipomfuata nilimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, viatu bado miguuni, kola ya sare imelowa machozi.

"Kuna nini?"

Akanipa daftari bila kunitazama.

Hasira niliyoipata siku ile sijaimaliza mpaka leo, na sioni haya kusema hivyo. Lakini ili ieleweke, lazima nianze na jioni iliyotangulia.

Mimi ni fundi cherehani. Nashonea Ujiji, upande wa Rusimbi, kwenye baraza ya nyumba tunayopanga. Nilizaliwa Ilagala, nikasoma hukohuko mpaka darasa la saba, nikafaulu. Sekondari sikwenda, kwa sababu mama aliugua mwaka ule na mimi ndiye niliyekuwa binti mkubwa nyumbani. Alipopata nafuu, nafasi yangu ilikuwa imeshapita, nikapelekwa kwa masista kujifunza kushona. Sista aliyetufundisha alikuwa na kitabu kimoja tu cha kazi, cha Kiingereza, chenye michoro. Kila asubuhi kabla hatujagusa kitambaa alitunakilisha majina ya vitu kutoka kitabuni: pindo, mshono, kwapa, mkanda, rinda. Alikuwa mkali. Ukikosea herufi moja unafumua kila ulichoshona jana yake. Kwa hiyo Kiingereza cha kupiga soga sina, lakini maneno ya kazi yangu ninayo, na najua yanavyoandikwa.

Kwenye baraza hiyo hiyo ana cherehani yake jirani yangu, mama wa Kirundi. Alivuka mpaka na wazazi wake akiwa mtoto wa darasa la nne, akakulia kambini, akaolewa huku Ujiji. Kiswahili chake kina Kirundi ndani yake, na akikasirika Kirundi ndicho kinachotangulia. Tumekaa bega kwa bega miaka mingi kiasi kwamba mteja akija na kitenge anatuambia vipimo sote wawili, atakayekuwa na nafasi ashone.

Binti alikuwa darasa la tano, kwenye shule ya kulipia ambako masomo yote hufundishwa kwa Kiingereza. Mimi na baba yake tulikubaliana hivyo tangu akiwa anatambaa. Baba yake yuko Kagunga kwenye dagaa miezi mingi ya mwaka, mimi niko kwenye cherehani, na jasho la pande zote mbili linaelekea shuleni. Shule hiyo hiyo ndiyo iliyokuwa ikinipa kazi ya kushona sketi za wasichana wake, zile za bluu nzito zenye marinda manane.

Jioni ile tulikuwa tunamalizia sketi hizo. Jirani alikuwa anashonea vifungo kwenye mkanda, mimi nilikuwa na pasi ya mkaa. Binti aliketi mkekani, daftari gotini.

"Mama, nipe neno la Kiingereza lenye A, E, L, P na T."

"Table," nikasema bila kufikiri.

"Table haina P."

"Apple," akasema jirani.

"Haina T, mama mkubwa."

Akatueleza vizuri. Mwalimu amewataka waandike maneno kumi. Herufi zile tano lazima ziwemo zote ndani ya kila neno. Nyingine unaweza kuongeza upendavyo, lakini katika zile tano isikosekane hata moja. Na ni marufuku kutafuta kwenye simu. Hilo la simu halikutuhusu, maana yangu ilikuwa ya tochi na redio basi.

Mwanzoni nilidhani ni mchezo wa kupoteza muda. Lakini kitu kile kina namna yake ya kukushika. Binti alianza na "plate", sahani, akaandika haraka. Halafu "planet", kwa sababu sayari zimebandikwa kwenye ukuta wa darasa lao. Kisha akatafuna kalamu, halafu akapiga ukelele hadi jirani akajichoma sindano: "Elephant! Elephant anazo zote!" Tukahesabu kwa vidole, na kweli, tembo alikuwa nazo zote tano na nyingine juu.

Kuchomwa kule kwa sindano kukatuletea neno la nne. Jirani alichukua kikopo tunachowekea plasta, akaanza kujifunga kidole, halafu akasimama kukisoma kile kikopo. "Mwanangu, hebu tazama hapa. P, L, A, S, T, E, R. Si ziko?" Zilikuwepo. Tangu hapo tukaanza kusoma kila kilichoandikwa Kiingereza ndani ya nyumba. Boksi la pini za stepla, ambazo mimi huzitumia kubana vielelezo vya karatasi, likatupa "staple". Mgongo wa redio ukatupa "portable", yaani inabebeka. Tulipindua pakiti za chai, dawa ya meno, sabuni, hata mfuko wa simenti uliokuwa unafunika kuni. Sabuni haikuwa na lolote. Nililalamika kwa sauti kwamba kampuni kubwa namna ile inashindwaje kuandika neno moja la maana, na binti akacheka mpaka akalala chali.

"Tadpole" alilitoa kwenye somo la sayansi, yule kiluwiluwi. "Leapt" alilipata kwenye kitabu cha hadithi, chura aliporuka. Jirani naye akasema kwamba kule kwao, kabla ya kukimbia, mwalimu wao alikuwa anawachorea ua ubaoni na kila jani la ua analiita "petale", kwa Kifaransa. Je, Kiingereza hakina kitu kama hicho? Binti alifikiri, akaandika "petal", akamtazama jirani kama mtu wa mazingaombwe aliyetoa sarafu sikioni.

Yakawa tisa. La kumi likagoma. Mimi nilikuwa nimeinamia sketi, nalaza rinda la tano na kulikandamiza kwa pasi. Na hapo hapo, chini ya pasi, nikaliona.

"Pleat," nikasema.

"Ni nini hiyo?"

"Ndiyo hii." Nikamshika kidole nikakiingiza ndani ya rinda, akasikia linavyojikunja. Nikachukua chaki ya kazi, nikaandika juu ya kipande cha kitambaa kilichobaki: P, L, E, A, T.

Alizihesabu mara mbili. "Mama! Ni zile zile tano tu, hakuna hata moja iliyozidi!"

Nilijisikia, kusema kweli, kama mtu aliyepanda jukwaani. Mtoto wangu alikuwa anasoma mambo ambayo mimi sikuyafikia, na kila mwaka alikuwa anakwenda mbali zaidi, na jioni ile alinikuta njiani na nilikuwa na kitu cha kumpa. Aliliandika la mwisho, kwa mwandiko wake bora, akalipigia mstari chini kwa rula.

Sasa, daftari alilonipa kesho yake pale kitandani.

Maneno tisa yalikuwa na tiki. Lile la kumi lilikuwa limekatwa kwa wino mwekundu mara mbili, mistari miwili iliyokandamizwa mpaka karatasi ikatoboka kidogo. Juu yake mwalimu alikuwa ameandika PLATE kwa herufi kubwa, na pembeni kwamba neno limerudiwa na limekosewa. Chini kulikuwa na adhabu: aandike "plate" mara hamsini wakati wa mapumziko. Alikuwa ameziandika zote. Sahani hamsini zimepangwa kushuka ukurasa mzima.

"Hukumwambia ni neno jingine?"

"Nilimwambia."

"Akasemaje?"

Hakutaka kusema. Ilibidi nimbembeleze, nimvue viatu, nimpe chai. Ndipo akaeleza. Mwalimu alimsimamisha mbele ya darasa, akamuuliza neno hilo amelitoa wapi. Akajibu amefundishwa na mama. Mwalimu akauliza mama yako anafanya kazi gani. Akajibu anashona.

"Halafu akasema, 'Basi mwambie ashone. Kiingereza atuachie sisi.'" Akafuta macho kwa kola. "Wote wakacheka, mama."

Nilitoka barazani na daftari mkononi. Jirani alilisoma, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Oya," akasema, yaani hapana kwa Kirundi. "Oya, oya. Hili si la kunyamazia."

Nilimpigia baba yake Kagunga. Mtandao ulikuwa unakatika, na nyuma yake nilisikia watu wakivuta mtumbwi na kupiga kelele. Alisikiliza, akasema, "Mama, achana nao. Ni alama moja tu."

"Si alama."

"Sasa ni nini?"

Sikuweza kumweleza kwa simu ile ya kukatika. Nilimwambia tutaongea, nikakata.

Asubuhi nilivaa gauni langu la kitenge la kwenda kanisani, nikachukua daftari, na kutoka kwenye faili la kazi nikachomoa karatasi moja, nikaikunja na kuiweka kwenye pochi. Nilimwacha jirani na wateja.

Mwalimu wa Kiingereza nilimkuta ofisi ya walimu, kijana nadhifu, shati limepigwa pasi vizuri sana. Jicho langu huanzia hapo, siwezi kulizuia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwalimu."

Akanikaribisha kiti. Nikajitambulisha kuwa mama wa nani, nikafungua daftari mbele yake. Akatabasamu kama daktari anayemtuliza mgonjwa.

"Ah, hilo. Mama, usijali, ni kosa dogo la tahajia. Watoto huchanganya herufi. Alitaka kuandika 'plate'."

"'Plate' ameliandika hapa juu, namba moja. Hili ni neno jingine. Ni rinda. Rinda la sketi."

"Mama, lugha ya mafundi ni tofauti na Kiingereza sanifu. Nyie mna maneno yenu ya kazi, kola, zipu, nini. Sisi tunafundisha Kiingereza cha kwenye kitabu."

"Kitabu gani?"

Akafungua droo, akatoa kitabu cha mwalimu. Nyuma kabisa kulikuwa na majibu ya mazoezi yote. Akanionyesha kwa kidole zoezi lenyewe, herufi zenyewe, na maneno yaliyopangwa chini yake. "Unaona? Plate, petal, planet, plaster, staple, na haya mengine. Hilo lako halimo."

Nikavuta kile kitabu kwangu. Niliyasoma yote polepole, na sikujali kwamba ananisubiri.

"Tembo yuko wapi?"

"Samahani?"

"Elephant. Hapa kwenye daftari umempa tiki. Kwenye orodha yako hayumo."

Akatazama. Hakuwemo kweli. "Elephant kila mtu anamjua, mama."

"Kwa hiyo neno usilolijua wewe ndilo ambalo halipo duniani?"

Walimu wengine wawili walikuwa wanasahihisha madaftari kwenye meza za jirani. Kalamu zao zilisimama. Kijana yule uso ulibadilika, akaanza kukusanya karatasi zake, akaniambia kwamba ana kipindi, na kwamba mzazi anayetaka kulalamika kuna utaratibu, aende kwa mwalimu mkuu.

"Twende wote," nikasema.

Mwalimu mkuu ni mama wa makamo yangu, mpole, mwenye sauti ya chini inayokufanya usogee karibu ili umsikie. Alinijua, maana sketi nilikuwa nampelekea yeye. Alitusikiliza sote wawili. Kisha akaniambia, kwa upole ule ule, kwamba anaelewa uchungu wa mzazi, lakini mwalimu hakosolewi kwa sababu ya neno moja, na kwamba nidhamu ya shule inategemea wazazi kuwaamini walimu.

"Mwalimu, mimi nilimwamini. Ndiyo maana mtoto yuko hapa."

Nikafungua pochi, nikatoa ile karatasi, nikaikunjua juu ya meza yake. Ilikuwa ni karatasi ya maelezo ya sare, waliyonipa wao wenyewe, ya Kiingereza, ina nembo ya shule juu na mhuri chini. Nikaweka kidole kwenye mstari wa sketi. Bluu, urefu chini ya goti, "eight box pleats", yaani marinda manane.

"Hii saini ni ya nani?" nikauliza.

Ilikuwa yake. Aliisoma, akamsogezea kijana. Kijana akaisoma kwa muda mrefu kuliko karatasi yenyewe ilivyokuwa ndefu. Halafu, na hapa naapa siongezi chumvi, akasema:

"Hii ina S mwishoni."

Nilimtazama. Nilidhani anatania. Hakuwa anatania. Mtu aliyesoma chuo, anayefundisha watoto wetu wingi na umoja, alikuwa ameketi mbele yangu ananiambia kwamba marinda yapo lakini rinda halipo.

"Basi mwalimu," nikamwambia mwalimu mkuu, "sketi zilizobaki nitazishona zimenyooka kama gunia. Siwezi kuweka kitu ambacho hakipo."

Mmoja wao, sijui nani, alikohoa. Mwalimu mkuu aliinuka, akafungua kabati nyuma yake kwa ufunguo uliokuwa kwenye mkufu wake shingoni. Ndani kulikuwa na vikombe vya michezo, rimu za karatasi, na kamusi moja kubwa mpya, plastiki yake haijatolewa. Iliniuma kuona hivyo. Shule nzima ya watoto wanaotafuta maneno, na maneno yamefungiwa kabatini. Akaichana plastiki kwa kucha, akafunua kurasa, akashuka na kidole. Kikasimama.

Hakutusomea. Alimgeuzia kijana kamusi, kijana akainama, masikio yakamwiva. Darasa la upande wa pili walikuwa wanaimba hesabu.

"Sawa, mama," akasema mwalimu mkuu. "Tumejifunza sote leo."

"Mimi sijajifunza. Mimi nilikuwa nalijua."

Najua halikuwa jibu la adabu. Lilinitoka. Nikaendelea, kwa sababu nilikuwa nimeshafika: alama sikuzijia. Nilitaka mwalimu aingie darasani, amsimamishe binti yangu pale pale alipomsimamisha jana, aseme mbele ya wale wale waliocheka kwamba neno lipo na aliyekosea ni yeye. Alichosema kuhusu kazi yangu nacho akirudishe. Hayo tu.

Mwalimu mkuu alitikisa kichwa taratibu. "Hapo mama unatuomba jambo gumu. Mwalimu akikiri kosa mbele ya watoto, kesho hawatamsikiliza. Tutarekebisha kwenye daftari. Tuyamalizie hapa, tafadhali."

Kwa hiyo nikajifunza kitu siku ile baada ya yote. Nilijifunza kwamba mtoto wa miaka kumi na mmoja anaweza kuaibishwa mbele ya watu arobaini na hakuna atakayesema nidhamu imeharibika, lakini mwanaume mzima akisema samahani mbele ya watu hao hao, shule itaanguka. Nilikunja karatasi yangu, nikaaga. Nilitembea kwa miguu mpaka Rusimbi, bajaji zinanipigia honi, sitaki hata kuzitazama.

Jioni binti aliniletea daftari. Ile mistari miwili myekundu ilikuwepo vile vile. Pembeni, kwa kalamu ya bluu, palikuwa na tiki ndogo mithili ya mguu wa mbu, na tisa imefanywa kumi. Sahani hamsini zilibaki ukurasa mzima. Hakuna neno jingine lililoandikwa.

"Umefurahi?" nikamuuliza.

"Mama, usije tena shuleni."

Sindano ikasimama katikati ya kitambaa. "Kwa nini?"

"Wamenicheka tena. Wanasema mama yangu alikuja kumgombeza ticha kwa ajili ya sketi." Akachukua begi lake. "Zoezi la leo nitafanya mwenyewe."

Akaenda kufanyia ndani, mlango ameusukuma. Mimi na jirani tukabaki na cherehani zetu. Nilitaka kulia lakini kulikuwa na mteja anasubiri blauzi. Mteja alipoondoka, jirani akaniambia, bila kuacha kukanyaga cherehani, kwamba kambini kulikuwa na mwalimu wa Kiswahili aliyekuwa akimsimamisha aseme "lala" na "rara" mpaka darasa lichoke kucheka, kwa sababu ulimi wake wa Kirundi ulikuwa hautenganishi L na R. Mama yake hakwenda kusema kitu. Hakujua kwamba inaruhusiwa.

"Ulimchukia mwalimu?" nikauliza.

"Nilimchukia mama," akasema. "Miaka mingi. Kwa kutokuja." Akakata uzi kwa meno. "Wewe umekwenda. Mwache mtoto anune."

Alinuna wiki mbili. Alifanya mazoezi yake ya herufi chumbani, na mimi nilijizuia kuuliza, ingawa mara nyingine nilimsikia akinong'ona maneno, na moyoni nilikuwa nayajaribu pamoja naye.

Kisha ikaja siku ya wazazi. Alikuwa amenikataza kuja shuleni, lakini siku hiyo ilikuwa ya kila mtu, na yeye mwenyewe ndiye aliyeniletea karatasi ya mwaliko, akaiacha juu ya cherehani. Nikavaa lile lile gauni la kitenge.

Darasa la tano walikuwa wamepamba ukuta kwa karatasi kubwa za manila. Kila karatasi ilikuwa na herufi zake juu, na chini yake maneno yote ambayo darasa zima lilikuwa limeyapata. Wazazi walikuwa wanapita wanasoma. Karatasi ya A, E, L, P, T ilikuwa ya tatu kutoka mlangoni. Nilimwona tembo. Nilimwona kiluwiluwi, kile kikopo chetu cha plasta, redio yetu. Yalikuwa maneno kama ishirini, kwa rangi tofauti. Rinda halikuwepo.

Nilirudia kusoma nikidhani limenipita. Halikuwepo. Lilikuwa limepatikana kwenye kamusi, mbele ya macho ya yule aliyeandika karatasi hii, na bado aliliacha nje.

Nilikuwa nimemwahidi mtoto kimoyomoyo kwamba sitagomba tena pale. Nilisimama tu, mikono imeikaba pochi. Binti alikuwa upande wangu. Alinitazama usoni, akatazama ukuta, akanitazama tena. Halafu akaenda kwenye meza ya mwalimu, akachukua kalamu nene ya kijani, akarudi, na mbele ya wazazi na wenzake, akisimama kwa ncha za vidole, akaandika mwishoni mwa orodha: PLEAT. Ile T ilikwenda upande. Akaifunika kalamu, akairudisha mezani.

Mwalimu alikuwa mlangoni anasalimiana na watu. Aliona yote. Niliona kwamba ameona.

Hapo akapita baba mmoja, mtu wa mjini Kigoma, mwenye suti, akasoma orodha mpaka chini. "Ticha," akaita, "hili la mwisho ndiyo nini?"

Mwalimu akasogea. Nikasema moyoni, haya, sasa. Sasa atasema. Na yule kijana, kwa sauti ya darasani, kwa uso mkavu kabisa, akasema: "Hiyo ni rinda, mzee. Kwa mfano rinda la sketi. Ni neno zuri sana, maana linatumia herufi zile zile tano bila kuongeza."

Kwa maneno yetu wenyewe! Ni kama alikuwa amekaa kwenye mkeka wetu jioni ile. Na juu ya hayo alilitamka vibaya, alisema "pleti" badala ya "pliti", kama kitu cha kulia wali. Nilipiga hatua mbele. Binti akanishika kiganja, kwa nguvu.

"Mama. Twende ukaone picha yangu ya ziwa."

Nikaenda nikaona picha ya ziwa. Nilichelewa kuelewa kwamba mtoto alikuwa anatetemeka kwa kicheko. Tulipotoka nje ya geti alishindwa kujizuia. "Pleti!" akasema. "Mama, umesikia? Pleti!" Akashika tumbo. Mimi sikucheka. Nilijaribu, maana alitaka nicheke naye, lakini sikuweza, na nilimwambia ukweli huo.

"Bado umekasirika?"

"Bado."

"Na mimi bado," akasema, huku anacheka, na nikaamini kwamba yote mawili yalikuwa kweli.

Muhula uliofuata kazi ya sketi ilipelekwa kwa fundi mwingine, mjini Kigoma. Hakuna aliyeniita kunieleza sababu. Niliona tu watoto wamevaa sketi ambazo si mkono wangu. Baba yake aliporudi kutoka Kagunga nilimweleza kila kitu kwa kirefu, na mara hii alinielewa. Aliuliza kama najuta. Nilimjibu kwamba najuta jambo moja: siku ile ofisini nilipaswa kukataa kuinuka kitini.

Binti alimaliza darasa la saba pale pale, kwa hiari yake. Yule fundi mwingine hapigi pasi marinda yake kabla ya kuyashona, kwa hiyo hufumuka kabla ya muhula kwisha. Wazazi wa Ujiji huniletea mimi. Mimi huyafumua yote manane, nikayalaza upya, nikayakandamiza, kwa sababu msichana aliyevaa sketi hana kosa.